Mnanaa wa Mpima

Miaka thelathini na mitatu nilipima viwanja vya watu,
Itezi, Iyunga, Isyesye, hadi miguuni pa Loleza.
Darubini begani, vigingi kwapani,
nikisema hapa, hapo panakuwa mpaka.
Usiku walihamisha mawe. Asubuhi nikayarudisha.
Nilidhani nimeshaona kila namna ya mwizi wa ardhi.

Kisha nikastaafu, nikapanda mnanaa.

Kijiti kimoja tu, chenye vifundo vinne,
nilipewa sokoni Uyole na muuza karoti,
kimeviringishwa kwenye gazeti lililolowa.
Nikakichomeka karibu na bomba, penye kivuli,
nikajisemea: chai ya Juni mwaka huu itanukia.
Masika hayajaisha, kilikuwa mkeka.
Kilimeza vitunguu. Kiliingia kwenye spinachi,
na spinachi sikuiona tena.
Kilipita chini ya matofali ya njia
kikachungulia upande wa pili, kibichi, hakina haya.

Mnanaa hauhamishi jiwe, bwana.
Unapita chini yake.

Siku moja, ukungu haujapanda,
Bi Tupokigwe akasimama kwenye ua wa michongoma,
sweta mbili mwilini, tita la majani yangu mkononi.
"Mpima," akasema, "bikoni zako zimelala?
Mgeni wako ameshafika kwenye karoti zangu."

Nikashika jembe. Nikaliweka. Nikapiga magoti,
maana mzizi wa mnanaa haukatwi kwa hasira:
ukiukata vipande kumi, umepanda kumi.
Unaufuata kwa vidole, polepole,
kama mtu anayefumua sweta ya marehemu apate uzi.
Na ulichong'oa usikitupe kwenye mboji.
Kianike juu ya bati mpaka kivunjike kikishikwa,
ndipo uamini kimekufa. Usiamini sana.

Nikaufuata. Kutoka bombani hatua moja, ya pili,
na ua bado uko mbele yangu,
vidole vikagonga saruji.
Nikapangusa udongo kwa kiganja, nikatia mate, nikapangusa tena.
Namba. Na ile saba yenye mkia
ambayo ofisi nzima walikuwa wakinicheka nayo.

Bikoni ya kona. Niliizika mwenyewe,
kabla mtu hajapanda michongoma,
kabla sijanunua nyumba hii kwa bwana mmoja mwenye haraka
aliyenionyesha ua, nami, mpima, nikatazama ua.
Nikapima kwa macho, nikapima kwa futi, nikarudia kwa macho.
Bomba, vitunguu, mkeka wote wa kijani:
ndani ya ua wangu, ndani ya kiwanja cha Bi Tupokigwe.
Mnanaa haukuwa umevuka popote.
Uliovuka ni ua.

Nilikaa pale mpaka suruali ikalowa magotini.

Sasa upo kwenye ndoo ya rangi, ya lita ishirini.
Nimeitoboa chini kwa msumari wa moto, matundu saba,
kokoto kwanza, kisha udongo na samadi ya mbuzi.
Haigusi ardhi. Imekaa juu ya ile saruji,
imeifunika namba.
Kila Jumamosi naiinua, nakata kwa mkasi
kijiuzi cheupe kinachotafuta njia tunduni.
Maua nayakata kabla hayajafunguka.
Majirani wananisifu: mzee anajua kudhibiti.

Juni imefika, bomba linaganda alfajiri.
Bi Tupokigwe anakuja na birika lake tupu.
"Nichume kidogo, Mpima?"
"Chuma tu," namwambia. "Ni wako."
Anacheka. Anasema nina moyo, watu wa Mbeya wamebaki wachache.
Anakata vijiti viwili, cha tatu anakiacha,
anazunguka getini, anarudi kwake,
kana kwamba alikuwa ametoka kwake.

Futi imo mfukoni mwa koti.
Kesho, najisemea, nitaihamisha ndoo mbele yake.
Hii ni kesho ya nne.